Jerioth na Donge la Uzi Lenye Mtego

Kisa hiki hakuna atakayekiamini. Watu wa Euless, hapa Texas, walisimuliwa wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Wa Arlington waliuliza kama msimulizi alikuwa ameonja kitu. Hata pasta, mtu anayeamini kwamba bahari ilipasuka katikati watu wakapita, alipokisikia hiki alitikisa kichwa akasema, "Hapana, ndugu yangu, hapo umetia chumvi." Basi na ninyi mkitaka kucheka chekeni. Kisa ni cha kweli chote, isipokuwa pale kilipokuwa kifupi mno kikavutwa kidogo ili kitoshe kusimuliwa.

Kinamhusu Jerioth, nesi wa Grand Prairie, mzaliwa wa Kinangop kule Kenya, mjane, na mwenye shaka kuliko afisa wa uhamiaji. Jerioth hanunui mayai mpaka afungue kasha na kugeuza yai moja moja. Ukimpigia simu kumjulia hali tu, atasikiliza salamu zote, kisha atasema, "Haya, sasa sema unataka nini." Akisifiwa sweta kanisani, hufika nyumbani akalivua na kulitazama mgongoni, aone watu walikuwa wakicheka nini. Si kwamba ana roho mbaya. Kazini kwake shaka ndiyo inayomlipa mshahara: anaangalia dawa, anaangalia jina kwenye mkono wa mgonjwa, anaangalia dawa tena. Taabu ni kwamba akitoka zamu anavua viatu, shaka haivui.

Kitu kimoja tu hakukitilia shaka kamwe, nacho ni vidole vyake vikishika sufu.

Mama yake alikuwa akisokota katika karakana ya akina mama wa kanisa huko Kinangop, kwa gurudumu lililoundwa kwa rimu ya baiskeli, na Jerioth alijifunza kuvuta uzi kabla hajajifunza kusoma. Hapa Texas alikaa miaka mingi bila kugusa kondoo. Halafu akampata mama mmoja Mzungu wa upande wa Weatherford mwenye kondoo wa merino, na mjane mwingine wa Euless akamuuzia gurudumu la kusokotea la mti, zuri, kwa bei ya kutupa. Jerioth aliligeuza gurudumu miguu juu, akaligonga, akalinusa. "Kitu kizuri hivi mtu hakitoi hivi hivi," alimwambia kaka yake Dedan, aliyekuwa amelibeba peke yake kutoka garini, maana Dedan ana nguvu za kipekee hata leo. "Lazima lina kasoro." Mpaka sasa anaitafuta.

Sufu mbichi ya kondoo aliiloweka kwenye beseni la kuogea, kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, bila kuikorogakoroga isije ikashikana ikawa zulia. Harufu ilipanda ghorofa ya juu. Jirani akaenda ofisini kushtaki kwamba mama wa chini anafuga mbuzi. Meneja wa nyumba alikuja mwenyewe, akafungua kabati, akachungulia hata nyuma ya friji. Jerioth akamfuata nyumba nzima akimkagua yeye, kuhakikisha hatoki na kitu.

Ilipokauka, aliichana kwa brashi zake mbili zenye meno ya waya mpaka ikawa kama povu, kisha akakaa dirishani mchana akikanyaga gurudumu. Na uzi ulitoka! Uzi mwembamba hivi kwamba ukiuangusha kwenye zulia unautafuta kwa kiganja, si kwa macho.

Mambo yalianza pale binti yake, Whitney, anayefanya kazi Houston, alipompata Franck. Franck ni Mrundi, kijana mpole, Mkatoliki, anaendesha lori la mizigo. Wazazi wake, Nicodème na Emérance, wanakaa Gulfton, hukohuko Houston, kwenye yale maghorofa ambayo ukikaanga samaki, watu wa nchi tatu wanajua. Jerioth alifunga safari ya kwenda kuwaona, na Dedan akaenda naye kama mkubwa wa ukoo na pia kwa sababu ya chakula.

Emérance anafanya kazi ya kufua shuka za hoteli. Alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ndiyo maana Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi waliokisomea, na hukohuko sista mmoja alimfundisha kufuma. Kila kitu cha sebule ile kilikuwa kimevaa nguo. Viti, meza, televisheni, hata boksi la intaneti lilikuwa na kofia. Jerioth aliinua kitambaa kimoja kwa vidole viwili.

"Mama Franck, hii ni sufu?"

"Ni ya dukani tu, Mama Whitney."

"Hii ni plastiki, mwenzangu. Isogeze karibu na jiko, itageuka sahani."

Watu walicheka. Emérance naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. "Miye nafuma kile ninachopata."

"Mimi kitu cha dukani siwezi kujifunika hata nikiwa na malaria," Jerioth akaongeza, akijipangusa vidole. Neno hilo lishikeni, tutalihitaji.

Whitney, mtoto wa Texas, alitaka amani. "Mum, please. Wewe si unasokota? Na Mama Franck anafuma. Nitengenezeeni shali ya siku ya mahari. Problem solved."

Wale mama wawili walitazamana kama watu wanaouziana gari. Wakakubali. Jerioth akavua pete yake ya ndoa, akaiweka mezani. Alikuwa ameona kwenye video kwamba shali ya uzi safi, hata iwe pana kama shuka, hupita ndani ya pete. "Iwe nyepesi ya kupita hapa," alisema.

"Ukileta uzi wa kupita, itapita," Emérance akajibu.

Basi uzi ukaanza safari. Kila Franck alipopanda Dallas na lori, alipita Grand Prairie, akapewa mfuko, akaupeleka Gulfton. Na kila mfuko ulipofika, simu ililia.

"Mama Whitney, habari za huko? Ule uzi uko karibu kuisha."

"Umeishaje? Nilituma wa kutosha."

"Bon, shali inakula."

"Inakula? Ina meno?"

"Tuma mwingine kidogo tu, mama."

Jerioth akasokota, akatuma. Simu ikalia tena. Akasokota, akatuma. Sasa Jerioth anajua uzi wake kama anavyojua mishipa ya wagonjwa. Kwa uzi aliokuwa ameshatuma, Whitney angevishwa yeye, na pua ya lori la Franck nayo ikafunikwa. Uzi mwingine ulikuwa unakwenda wapi?

Alimwambia rafiki yake Kathure, nesi mwenzake, na Kathure si mtu wa kuzima moto. "Dada, Wazungu wanaugombania uzi wa mkono kwenye mitandao! Kuna mtu Houston amevaa jasho lako, nakwambia."

Franck alipokuja tena, alikalishwa kitini.

"Franck, mwanangu, huu mfuko unaufikisha kama ulivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haufunguliwi njiani?"

"Njiani nasimama kujaza mafuta tu, mama."

"Na ukisimama, mfuko unabaki na nani?"

"Unabaki... kwenye lori, mama."

"Peke yake?"

Maskini kijana hakujua kama aseme ndiyo au aombe wakili. Jerioth akampa chapati aende. Akampigia Whitney.

"Hiyo shali umeiona?"

"Sijaona, Mum. Haruhusu mtu kuingia chumbani akifuma. Anasema ni surprise."

"Surprise! Hata mwizi hapigi simu kabla ya kuja."

Hapo ndipo alipotega mtego. Yule mama wa Weatherford aliwahi kumpa konzi ya sufu ya kahawia kutoka kwa kondoo mmoja mweusi, aione tu. Jerioth alikaa dirishani, akasokota uzi mweupe kama kawaida, na kila baada ya pumzi chache akachomeka unywele wa kahawia, kidogo sana, kama chembe ya chai kwenye maziwa. Asiyejua haoni. Anayejua hawezi kuona kingine. Akazungusha donge, akamwita Dedan, ambaye humwita kila anapotaka mtu wa akili.

"Hili nampelekea nikimwambia ni la pindo. La pindo tu. Siku ya mahari nitaangalia pindo. Kahawia isipokuwepo, Whitney haolewi Gulfton."

"Jerioth! Kwa ajili ya uzi?"

"Si kwa ajili ya uzi. Nyumba inayomwibia mama kabla ya harusi, baada ya harusi itamwibia nini mtoto? Mimi baba yake hayupo. Nisipoangalia mimi, nani ataangalia?"

Dedan, anayeweza kumjibu hata gavana, alienda jikoni kutafuta chai. Alimpenda Franck, lakini alimjua dada yake: akisema haolewi, kadi za harusi zitafungiwa maandazi.

Donge likaenda. Na kabla hata wiki haijaisha, simu ikalia. Emérance anataka mwingine, wa mwisho kabisa, kidogo tu, wa kumalizia.

"Umekwisha," Jerioth akasema.

"Hata kidogo, Mama Whitney?"

"Kondoo wamekwisha. Texas nzima haina kondoo."

Kumbe donge moja lilikuwepo. Alilitia kwenye mkoba wake, apate ushahidi wa kulinganisha.

Sherehe ya mahari ilifanyika Grand Prairie, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Watu wa Houston walikuja na magari yamejaa. Mama zao wamejitanda, wazee wamevaa kofia. Upande mmoja pilau na chapati, upande mwingine maharage na ndizi za kupika, na katikati harufu zikisalimiana. Msemaji wa nyumba ya bibi harusi alikuwa Dedan, na hotuba aliyoitoa watu bado wanaizungumza. Mambo ya mbuzi wa mahari, wanaume waliyamaliza vizuri. Jerioth hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko uliokuwa miguuni pa Emérance.

Emérance alisimama, akatoa shali.

Nyeupe, matundu matundu kama maua ya karoti, nyepesi hivi kwamba feni ya darini iliitaka. Emérance akaazima ile pete ya Jerioth, akaingiza ncha, akavuta, na shali yote ikapita polepole mbele za watu kama moshi unaotoka kwenye tundu la ufunguo. Vigelegele! Mama wa Kikuyu na mama wa Kirundi walishikana mikono. Whitney akafunikwa mabega, akalia, Franck akalia kwa kumwona analia.

Jerioth akasogea. Akashika pindo. Akalizungusha lote kwenye vidole, upande huu mpaka ule, taratibu, jinsi anavyotafuta mshipa kwa mgonjwa mzee.

Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe.

Kabla hajafungua kinywa, Nicodème na wanaume wawili walimjia kwa nyuma wakiimba, na kwa heshima zote wakamfunika blanketi la mama, maana mila ya kwao Jerioth inataka mama wa binti afunikwe na wakwe. Lilikuwa blanketi la manyoya la dukani, jekundu, na mgongoni lilikuwa na simba mkubwa ametoa ulimi.

Basi fikirini. Ameibiwa uzi, na amefunikwa simba.

"Mama Franck," Jerioth akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ile ndogo inayotisha. "Uzi wangu uko wapi?"

Nyimbo zilikatika. "Uzi gani, Mama Whitney? Si huo?"

"Huo ni nusu. Nilikutumia donge la pindo. Halimo. Nilitia alama ndani yake, ya kahawia, na hapa hakuna kahawia. Mwenye uzi wangu nani? Mbele za watu hawa wote, niambie, ndipo nijue kama nina mkwe au sina."

Whitney akafunika uso. Dedan akaanza kuitazama taa ya darini kama mtu aliyekuja kuitengeneza.

Emérance hakupiga kelele. Alimgeukia binti yake mdogo. "Annick, nenda garini. Ule mfuko mwingine, chini ya kiti."

Annick alienda mbio, akarudi. Emérance akatoa kitu kikubwa, kizito, cheupe, kilichokunjwa. Akakikunjua. Lilikuwa blanketi, la kufumwa, na mapindo yake, karibu pande zote, yalikuwa na vichembe vya kahawia kama chai kwenye maziwa.

"Ulisema kitu cha dukani huwezi kujifunika hata ukiwa na malaria," akasema. "Siku ileile niliapa. Miye nimfunike mtu wa namna hiyo simba wa dukani? Ningekufa kwa haya. Na sufu unayoiamini ningeipata wapi, kama si kwako? Kila ulichotuma, huku nikafuma cha mtoto, huku cha mama. Lile donge la pindo nikaona lina uchafu wa kahawia. Nikasema, kwa bibi harusi halifai, akitazama ataona doa. Nikaliweka kwako."

Mzee mmoja wa upande wa Kinangop alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Yaani Jerioth amejilipia mahari mwenyewe?"

"Sufu ni ya kwetu, mikono ni ya kwao," Dedan akaruka kueleza, "na ukitazama vizuri, hata wajukuu—"

"Dedan, keti."

Akaketi. Lakini Emérance alikuwa bado amesimama, na sasa shaka ilikuwa imehamia upande wa pili, imevaa uso wake.

"Mama Whitney, nikuulize na mimi. Ile kahawia hukuitia kwa bahati mbaya."

"Hapana."

"Ulitia ili unishike."

Jerioth alitazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia, Whitney alikuwa akimtazama vile wagonjwa wanavyotazama sindano. "Nilitia ili nikushike."

"Bon. Na umenishika?"

Emérance alianza kulikunja lile blanketi, pembe kwa pembe, kwa mikono iliyozoea shuka za hoteli, na hapo ndipo watu walipoona kwamba pembe moja haikuwa imekwisha. Ilikuwa bado imening'inia kwenye sindano za kufumia. "Ndiyo maana nililiacha garini, tukanunua simba," alisema bila kuinua macho. "Niliomba uzi wa kumalizia, nikaambiwa Texas nzima haina kondoo. Annick, rudisha."

Nicodème akavaa kofia yake. Mzee akivaa kofia ndani ya ukumbi, mazungumzo yamekwisha. Wazee wengine wakatafuta za kwao. Franck alikuwa amesimama katikati ya nyumba mbili, mdomo wazi, mkono mmoja bado umeshika pindo la shali ya Whitney kama mtu aliyeshika kamba ya mashua.

Jerioth alifungua mkoba wake.

Alitoa donge. Jeupe, dogo, safi. Alimnyooshea Emérance.

Emérance alilitazama donge, akamtazama mwenye donge. "Ulisema wamekwisha."

"Nilisema uongo."

"Texas nzima, ulisema."

"Alibaki mmoja," Jerioth akasema. "Alikuwa amejificha kwenye mkoba."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Nicodème, na alipocheka kofia ilianguka, akaiacha hukohuko chini. Emérance alikaza uso kadiri alivyoweza. Midomo ikamsaliti.

"Niondoleeni huyu simba," Jerioth akawaambia wanaume. "Mimi sitoi mtoto nikiwa nimelambwa mgongo na mnyama wa dukani. Na blanketi lenye pembe wazi pia sifunikwi. Mama Franck, kaa. Malizia. Ninangoja."

"Kwa hiyo hapaliwi?" Dedan akauliza, akiwa tayari ameshika sahani.

"Hapaliwi."

Viti viwili vikasogezwa vikagusana. Emérance akachukua sindano, Jerioth akashika donge akiuachia uzi kidogo kidogo, na kwa kuwa ni Jerioth, hakuacha kukagua. "Hapa umeruka shimo."

"Hapo uzi wako ulikuwa na fundo."

"Uzi wangu hauna mafundo."

"Basi kondoo wako alikuwa na fundo. Vuta, mama, usinikabe."

Na wakafuma! Ninyi hamkuwepo, Dedan alikuwepo. Pilau ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mzee mmoja wa Houston alizimia kwa njaa, akapepewa kwa simba akazinduka. Wa pili akazimia, wa tatu akazimia mikononi mwa wa pili. Na lile blanketi likazidi kurefuka, likashuka magotini pa Emérance, likapita chini ya meza, likatoka mlangoni mpaka barabara kuu, magari yakasimama toka Arlington mpaka Fort Worth, polisi wakaja na pikipiki, na mkubwa wao akainua pindo, akaiona ile kahawia, akavua miwani, na kwa Kiswahili safi cha Kinangop akasema—

"Dedan! Polisi gani? Hebu mpe dada yako hiyo karatasi unayowasomea watu. Ilikuwa pembe ndogo kama kiganja, hata chai haikuwahi kupoa, na aliyelia njaa pale alikuwa wewe peke yako!"